Mkoko wa Kombe au Mkoko wa Vumbi? Historia ya Ugomvi wa Wenye Magari ya Zamani

Ukishuka Nassa, wilaya ya Busega, pale barabara kuu ya Mwanza–Musoma inapokatiza nchi ya pamba, usitegemee mtu akuulize kuhusu "gari klasiki". Gari la zamani pale lina maswali mawili tu: linatembea, au halitembei? Land Rover iliyozaliwa kabla ya dereva wake, kama bado inabeba mzigo, inaheshimiwa kama mzee wa ukoo. Siku ikigoma moja kwa moja, kuku wanahamia ndani na stori inaishia hapo.

Sasa toka Nassa, pita Sirari, nyoosha mpaka Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Jumapili moja ya mwezi wa tisa utakuta watu wazima wamepiga magoti kwenye nyasi, mkononi wana mswaki, wanasugua nati ya tairi. Ndio, mswaki. Gari lenyewe limekoshwa wiki nzima. Injini inang'aa kuliko sufuria ya harusi. Na mwenye gari anatetemeka kwa sababu majaji wanakuja na karatasi zao, na alama moja inaweza kumnyima kombe.

Hapo ndipo ulipo ugomvi mkubwa wa wapenda magari ya zamani dunia nzima. Upande mmoja unasema gari la michezo la zamani ni hazina, litunzwe, lisiguswe na vumbi. Upande wa pili unasema gari lilitengenezwa liendeshwe, na kulifungia ni sawa na kumfuga farasi wa mbio sebuleni. Ugomvi huu una historia ndefu, na sehemu tamu ya historia hiyo imetokea hapahapa Afrika Mashariki. Wengi hawaijui.

Watu wawili, gari moja

Chukua mfano wa watu wawili. Majina hayana umuhimu, maana kila mji wenye klabu ya magari unao.

Wa kwanza ana Porsche 911 ya miaka ya 70. Gari linakaa gereji, limefunikwa kwa turubai laini la ndani na turubai gumu la nje. Siku ya mashindano halitembei kwa magurudumu yake, linapandishwa kwenye trela. Likishushwa linaendeshwa mita chache mpaka kwenye nyasi, basi. Kabatini kuna makombe. Kwenye dashibodi kilomita zimelala palepale miaka nenda rudi.

Wa pili ana Porsche 911 ileile, mwaka uleule. Yake imeinuliwa springi, chini imefungwa bamba la chuma la kukinga mawe, mbele ina taa kubwa nne. Bampa lina kovu. Rangi imeliwa na changarawe. Kabatini hana kombe la umaridadi hata moja, ila ana vumbi la Tsavo kwenye kila tundu la gari, na stori zisizoisha.

Nani kati yao analipenda gari lake zaidi? Ukilitupa swali hilo kwenye kundi la WhatsApp la wapenda magari, kundi linawaka mpaka asubuhi. Ila kabla ya kuchagua upande, inabidi kujua mambo yalianzaje.

Yalianza na farasi

Mashindano ya umaridadi wa magari dunia nzima yanaitwa kwa jina la Kifaransa, Concours d'Elegance. Jina ni la Kifaransa kwa sababu asili yake ni Ufaransa. Karne ya 17, matajiri wa Paris walikuwa wakijitembeza kwenye bustani za mji na magari yao ya farasi, kila mtu akitaka aonekane yuko vizuri kuliko mwenzake. Yaani kuuza sura hakukuanza na Instagram.

Farasi walipoondoka na injini kuingia, mchezo ukaendelea. Miaka ya 1920 na 1930 watengenezaji wa bodi walipeleka magari mapya kwenye maonyesho hayo, na pembeni anasimama mrembo aliyevaa gauni linaloendana na rangi ya gari. Zingatia neno "mapya". Hakuna aliyekuwa akishindanisha magari ya zamani. Gari la zamani lilikuwa gari la zamani tu, watu walikuwa wanataka kuliondoa nyumbani.

Mwaka 1950 kule California, Marekani, yakaanzishwa maonyesho ya Pebble Beach, ambayo leo ndiyo makubwa kuliko yote kwa heshima. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Pebble Beach yalianza kama pambo la mbio za magari. Mbio ndizo zilikuwa shughuli yenyewe. Madereva walikuwa wanakimbiza magari ya michezo kwenye barabara zinazopita katikati ya msitu wa misonobari, na maonyesho yalikuwepo pembeni. Kuendesha na kupendeza vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1955 kikatokea kitu kipya. Kijana mmoja aitwaye Phil Hill akapeleka gari la 1931, Pierce-Arrow lililokuwa la shangazi yake, lililorudishwa katika hali yake, akachukua ushindi wa jumla. Tangu yaanze, washindi walikuwa magari mapya au karibu mapya. Kuanzia hapo mlango ukafunguka kwa magari ya zamani. Na huyu Phil Hill hakuwa mtu wa kusugua nati tu. Alikuwa dereva wa mbio, na mwaka 1961 akawa bingwa wa dunia wa Formula One akiwa na Ferrari. Mtu mmoja, mikono miwili: mmoja wa kutunza, mmoja wa kukanyaga mafuta.

Mwaka uliofuata, 1956, dereva Ernie McAfee akapoteza maisha kwenye mbio zile baada ya Ferrari yake kugonga mti. Ikaonekana wazi kuwa barabara ya msituni haifai tena kwa magari yenye kasi ile. Mbio zikahamishiwa kwenye uwanja mpya wa Laguna Seca, uliofunguliwa 1957. Maonyesho yakabaki palepale baharini.

Hapo ndipo ndugu wawili walipotengana. Mbio zikaenda upande wao, umaridadi ukabaki upande wake. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba gari zuri lisiendeshwe. Ilikuwa ajali, kisha njia mbili, kisha mazoea.

Alama mia moja na ugonjwa wa kung'arisha

Kadiri miaka ilivyokwenda, klabu zikaweka sheria. Sehemu nyingi gari linaanza na alama kamili, tuseme 100, halafu jaji anakata. Mkwaruzo, kata. Bolti isiyo ya kiwanda, kata. Tone la oili chini ya injini, kata. Mfumo huu una mantiki, maana bila vipimo kila jaji angempa shemeji yake.

Lakini angalia unachomfundisha mwenye gari. Kila kilomita anayotembea inaleta kokoto, kokoto inaleta alama ya rangi, alama ya rangi inaleta kukatwa. Kwa hesabu hiyo, kuendesha gari lako mwenyewe ni kujiibia. Ndipo yakazaliwa magari ya trela. Na ndipo mafundi wakaanza kurudisha magari yakawa mazuri kuliko yalivyotoka kiwandani: rangi ya kioo, chuma kilichopakwa kromu mahali ambapo kiwanda chenyewe hakikujali, ngozi isiyo na kunyanzi hata moja. Gari la michezo lililokuwa likinuka petroli na jasho likawa pete ya dhahabu yenye magurudumu.

Klabu zenyewe ziliona tatizo. Klabu za Jaguar za Marekani Kaskazini zikagawa mashindano: kuna kundi la magari ya ushindani wa juu na kundi la magari yanayoendeshwa, ili mtu anayelitumia gari lake asishindanishwe na la kabatini. Kwa wenye Corvette, klabu yao ya warejeshaji ina tuzo ya juu ambayo huwezi kuipata kwa sura peke yake. Gari linajaribiwa barabarani, na kila kitu lazima kifanye kazi kama lilivyotoka kiwandani. Honi, saa, hita, vyote. Pebble Beach nao, mwaka 1998, wakaanzisha msafara wa barabarani siku chache kabla ya maonyesho. Magari mawili yakifungana alama kwenye kundi, lililomaliza msafara ndilo linalopita.

Yaani baada ya miaka arobaini na kitu, wale ndugu wawili wakaanza kusalimiana tena.

Huku, barabara ndiyo ilikuwa jaji

Wakati Wamarekani wanagombana kuhusu bolti, Afrika Mashariki ilikuwa na jaji wake: matope.

Mei 27, 1953 yalianza mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mgawanyo wa makundi ulikuwa wa ajabu: magari yaligawanywa kwa bei yake dukani. Maana yake mtu wa kawaida mwenye gari la bei rahisi aliweza kushindana na wa bei yake. Hayakuwa magari maalum ya mashindano, yalikuwa magari ambayo kesho yake yanampeleka mtu kazini.

Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na sifa zikafika Ulaya na Japani. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968, tena 7. Hebu fikiria: unapeleka gari jipya kutoka kiwandani, na barabara ya Afrika Mashariki inalirudisha vipande vipande.

Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya, fundi aliyejua gari kuanzia kwenye spana, alishinda na kaka yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544. Ile Volvo haikuwa mpya. Ilikuwa gari lililokwisha kutumika na timu ya kiwanda, likaachwa, yeye akalichukua. Gari la mkono wa pili likawashinda mabosi. Angeliacha likae vizuri gereji, leo hakuna ambaye angelijua.

Watanzania nao wana chao. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Ndiyo hiyohiyo 404 ambayo babu yako aliipanda akienda msibani. Ushindi kama huo ndio uliowafanya watu wa huku waiamini Peugeot, na baadaye 504 ikarithi imani hiyo. Jina la gari halikujengwa na rangi. Lilijengwa na kufika.

Halafu yakaja magari ya michezo yenyewe. Mwaka 1971 Datsun 240Z, kitu chembamba cha milango miwili chenye pua ndefu, injini ya silinda sita, kikashinda mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Watu walizoea kuona gari la aina hiyo kwenye lami ya California na mwanadada aliyevaa miwani. Huku likaonekana limejaa tope mpaka kwenye vioo. Mwaka 1973 240Z ikarudi na Shekhar Mehta, ikashinda tena. Leo watu wanalipia 240Z pesa ndefu kote duniani, na ukiuliza kwa nini gari lile lina heshima, mojawapo ya majibu ni Safari.

Hapo pana fumbo la kufikirisha. Thamani inayomfanya mtu alifungie gari lake leo ilitengenezwa na watu waliolipiga gari hilohilo bila huruma jana.

Porsche na deni la miaka 37

Kama kuna stori moja inayobeba ugomvi wote huu, ni ya Msweden Björn Waldegård.

Mwaka 1974 alikuja Safari na Porsche 911. Alimaliza wa pili, nyuma ya Joginder Singh aliyekuwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 Porsche wakarudi tena na 911, Vic Preston Junior akamaliza wa pili, Waldegård wa nne. Porsche haikuwahi kuushinda ule Safari wa enzi hizo. Waldegård mwenyewe aliushinda mara nne, ila na Ford mara moja na Toyota mara tatu. Na 911? Deni.

Mwaka 2002 Safari ikaondoka kwenye ubingwa wa dunia wa rali (ikarudi 2021). Mwaka 2003, wakati Safari inatimiza miaka 50, watu wenye kumbukumbu wakaanzisha East African Safari Classic: rali ya magari ya zamani peke yake, maelfu ya kilomita za udongo, kwenye Kenya na kwa baadhi ya miaka kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Magari ambayo Ulaya yangewekwa kwenye kapeti, yakarudishwa kwenye vumbi lilelile lililoyapa jina.

Mwaka 2007 Waldegård akaja na mwanawe Mathias kama msoma ramani, na Ford Escort, wakashinda. Mwaka 2011 wakarudi. Safari hii na Porsche 911. Mzee alikuwa na miaka 68. Akashinda. Miaka 37 baada ya ile nafasi ya pili, yule mtu na lile gari wakamaliza kazi. Mwaka 2014 akafariki. Mwaka 2015 Stig Blomqvist, Msweden mwenzake na mzee mwenzake, akashinda tena na 911.

Sasa jiulize: zile 911 zingekuwa kwenye turubai, deni lile lingelipwa na nani?

Usiwacheke wa mswaki

Ila stori ina upande wa pili, na ni vizuri kuwa wakweli. Wanaotunza nao wana hoja nzito.

Kwanza, gari la rali linakula mwili wake. Kila safari linabadilishwa kitu: leo mlango, kesho sakafu, keshokutwa injini nzima. Baada ya miaka kadhaa ni kama jembe la babu lililobadilishwa mpini mara tatu na bapa mara mbili. Bado ni jembe la babu? Baadhi ya magari ya zamani yanayokimbia leo yamejengwa upya kiasi kwamba cha zamani kilichobaki ni namba tu.

Pili, rangi ya kiwandani inapakwa mara moja. Ikishakwanguliwa, hata fundi bora duniani atakupa nakala. Mshono wa kiti, alama ya chaki iliyoachwa na mfanyakazi wa kiwanda, hayo ni maandishi ya historia. Mtafiti wa miaka 100 ijayo hatajifunza kitu kwenye gari lililovunjwa bondeni.

Tatu, Nairobi yenyewe haina watunzaji wa kuuza sura peke yake. Yale mashindano ya Ngong, Africa Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970 na yanaandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo. Majaji hawaangalii rangi tu. Wanakagua injini, ndani, buti, na chini ya gari, na taa, honi na vaipa lazima vifanye kazi. Pikipiki nazo zina nafasi yake. Na mashindano haya yamefanya kazi moja kubwa bila kelele: yamewapa watu sababu ya kutouza chuma chakavu.

Hilo si dogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania unaweza kuingiza, ila gari kuukuu linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Kwa hiyo magari mengi ya zamani mnayoyaona huku ni yale yaliyokuja yakiwa mapya au karibu mapya, yakabaki. Moja likikatwakatwa kwa mizani ya chuma chakavu, hakuna meli inayoleta jingine kirahisi. Yule wa mswaki mnayemcheka ameokoa magari ambayo mwenye vumbi angeyamaliza.

Ila gari lililolala linaoza

Tatizo la turubai ni kwamba linadanganya. Gari lisilotembea halibaki kama lilivyo. Muulize fundi yeyote mzee.

Petroli ikikaa miezi inaacha utando kama gundi kwenye kabureta, vijitundu vinaziba. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Yakikaa sana, kutu inaanza ndani ya silinda za breki huku nje kunang'aa. Sili za raba zinazolainishwa na oili inayozunguka zinakauka, zinapasuka, na siku ukiwasha injini inalia machozi kila upande. Tairi linabonyea sehemu moja. Klachi inashikana. Betri inakufa. Panya wanaona nyaya ni chakula. Ekzosti inaoza kutoka ndani kwa maji ambayo safari ndefu ingeyakausha.

Kwa hiyo gari la makombe linaweza kuwa zuri kama maiti iliyovalishwa suti. Linapendeza, ila halina pumzi.

Na kuna kitu kingine kinachooza ambacho hakuna jaji anayekikagua: mikono ya fundi. Kurekebisha kabureta mbili zipumue sawasawa kwa kusikiliza kwa sikio, kupanga platini za injini, kujua kwa harufu kwamba mafuta yamezidi, hayo hayapo kwenye kompyuta ya kupima gari la kisasa. Yapo kwa wazee wachache wa gereji za Mwanza, Arusha, Nairobi, Kampala. Kama magari yanakaa tu, hayaharibiki. Yasipoharibika, fundi hana kazi. Fundi akikosa kazi, kijana hajifunzi. Mzee akiondoka, elimu inaondoka naye, na siku ile gari la kombe likigoma, hata pesa ya tajiri haitalifufua.

Hiki ndicho kinachopotea kweli katika ugomvi huu.

Wasukuma walishalitatua hili

Jibu lipo karibu na Nassa kuliko watu wanavyodhani.

Ukitoka Nassa kuelekea Mwanza, kabla hujaingia mjini unafika Kisesa, na hapo jirani ni Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Ndani zimehifadhiwa ngoma za watemi wa zamani. Hizo hazipigwi ovyo. Ni ushahidi, ni rangi ya kiwandani ambayo haipakwi tena. Zinatunzwa, na ni sawa.

Lakini kila mwaka, kwenye msimu wa Bulabo, mwezi wa sita, palepale Bujora vikundi vya Bagika na Bagalu vinakutana. Ngoma zinapigwa mpaka ngozi inalia. Vumbi linapanda. Na kwenye mila ya mashindano haya, jaji ni umati: kikundi kinachovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Hakuna anayekata alama kwa sababu ngoma ina mkwaruzo.

Makumbusho na uwanja, mahali pamoja. Ngoma ya mtemi inatunzwa ili watu wajue ilitoka wapi. Ngoma ya kikundi inapigwa ili watu wasisahau inalia vipi. Ukiwa na ya kwanza peke yake una mti na ngozi. Ukiwa na ya pili peke yake, baada ya vizazi vitatu hujui ya asili ilifananaje.

Magari nayo ni hivyohivyo. Rolls-Royce ya serikali iliyopo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, iliyompakia Mwalimu Nyerere, hakuna mwenye akili anayetaka ipelekwe Kitonga ikapimwe breki. Hiyo ni ngoma ya mtemi. Lakini 911, 240Z au Alfa iliyo mikononi mwa mtu binafsi, ambayo dunia ina dada zake wengi, hiyo ni ngoma ya kikundi. Ipigwe.

Kombe la 2024 lililotuliza kelele

Na hata kule kwa wenye mswaki wakubwa wa dunia, upepo umebadilika. Mwaka 2024, Pebble Beach, ushindi wa jumla ulikwenda kwa Bugatti Type 59 ya mwaka 1934. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1950 kombe kubwa kwenda kwa gari la kundi la yaliyohifadhiwa, yaani ambalo halijapakwa upya likawa pete. Rangi yake imechakaa. Ngozi imechoka. Makovu yapo.

Na gari lile lina historia gani? Lilikuwa gari la mbio. Mwaka 1934 lilishinda mbio kubwa za Ubelgiji. Baadaye likawa mali ya Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji, likapakwa rangi nyeusi yenye mstari wa njano, na rangi hiyo ndiyo lililo nayo mpaka leo.

Soma tena hapo. Gari lililopata heshima ya kutunzwa kuliko yote ni gari lililoendeshwa kufa na kupona. Majaji walichokipa kombe ni makovu. Na makovu hayapatikani kwenye turubai.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa magari ya michezo methali inageuka: kizuri kinajitembeza, na kwa kutembea ndiyo kinajiuza. Mtunze mzee, mkoshe, mpake mafuta, mpeleke Ngong achukue kombe lake. Halafu Jumatatu mtoe barabarani anyooshe miguu, na mbebe kijana wa gereji pembeni asikilize injini inasemaje.

Wadau, mpira uko kwenu. Ukirithishwa leo Porsche 911 ya 1974, unaifunika au unaiwasha? Shuka hapo chini kwenye komenti, na kama nyumbani kuna mchuma wa babu umelala chini ya mwembe, taja aina na mwaka wake. Pengine fundi wake bado yupo hai.